Mchanga Uliooshwa kwa Sabuni

Nilipopunguzwa kazi hotelini, miaka ile ya tisini, meneja aliniruhusu nichukue tangi la samaki wa baharini nililokuwa nikilisafisha pale mapokezi. Nililileta nyumbani, mtaa wa Tena hapa Nairobi, kwa mkokoteni, nikaliweka sebuleni. Mke wangu alicheka, kisha akasogeza kochi.

Samaki walikuwa wawili tu, wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, pamoja na mawe yao ya baharini. Mchanga ndio ulionihangaisha, maana ule wa mtoni wa kujengea haukufaa. Jirani yangu wa mlango wa pili, Mmombasa aliyeendesha lori la mizigo, akaniletea gunia la mchanga mweupe wa pwani, na maji ya bahari kwenye mitungi. Niliuosha mchanga ule hadi maji yakatoka safi, nikautandaza kina cha vidole viwili. Juu yake nikamwaga mchanga mbichi alioniletea pia, uliochotwa chini ya maji ukiwa na vijidudu vyake hai. Vijidudu hivyo ndivyo vinavyokula mabaki ya chakula na mavi ya samaki. Mimi nilifuta kioo, nikanyonya uchafu wa juu kwa mpira, nikaacha kuuchokoachokoa mchanga wenyewe.

Baada ya miezi kadhaa mchanga ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, umejaa vijishimo na minyoo wembamba kama uzi. Nikirudi kutoka kwenye vibarua vya viwandani, au nikirudi bila kibarua, nilikaa mbele yake na moyo ukatulia.

Ndipo mama akaja kututembelea kutoka Kakamega. Siku moja niliporudi nilimkuta mlangoni, mikono imekunjamana kwa maji, uso unang'aa.

"Mwanangu, nimekutolea minyoo wote. Kumbe ulikuwa unaishi na uchafu namna ile?"

Alikuwa amewahamishia samaki na mawe ndani ya karai pamoja na maji yao, akauchota mchanga wote, akaupeleka bombani uani na kuufua kwa sabuni ya unga. Sasa ulikuwa ndani ya tangi, mweupe kama chumvi, unanukia kama shati lililofuliwa.

Mke wangu alinitazama akitikisa kichwa taratibu: usimkemee. Nikamwambia mama, "Asante, mama. Lakini wale minyoo walikuwa wafanyakazi wangu."

Alikaa chini. "Wafanyakazi?"

Nilipomweleza, alishika shavu. Jirani alisikia, akaja, akachungulia karai. "Nduyangu, mama amewaacha na mawe yao na maji yao. Mawe nayo yana vijidudu; hapo amekuokoa. Tia pampu ya hewa humo. Huo mchanga usuuzwe mpaka povu liishe. Nikirudi Mombasa nitakuletea mwingine mbichi."

Keshoye mama hakukubali nisuuze peke yangu. Majirani waliokuwa wakifua walituachia bomba, wawili wakatusaidia kubeba ndoo. Tulimwaga, tukajaza, tukamwaga tena, mpaka mama mwenyewe akaunusa mchanga na kusema sabuni imekwisha. Mara ya mwisho tuliusuuza kwa maji ya bahari yaliyobaki.

Jirani alirudi na mitungi ya maji ya bahari na ndoo ya mchanga iliyofunikwa gunia bichi. Dada yake ndiye aliyeuchota maji yalipokupwa, akaingia hadi magotini kwa ajili ya mtu asiyemjua. Tukaumwaga juu ya ule uliosuuzwa polepole, tukajaza maji, tukasubiri yatulie, tukawarudisha samaki.

Mama aliahirisha safari ya kurudi Kakamega. Kila asubuhi alivaa miwani na kuinama kiooni, hadi siku aliyoita nyumba nzima: "Njooni! Kuna mmoja anachimba!"

Aliporudi nyumbani aliwaambia kina mama wa kanisani kwamba mwanawe wa Nairobi anafuga minyoo wa baharini, na wakatuombea, mimi na minyoo. Sikupata kazi ya kudumu mwaka ule. Lakini nilikuwa na mke aliyenizuia kusema neno baya, na jirani aliyebeba bahari kwenye lori bila kunidai chochote. Hadi leo nikiwakumbuka namshukuru Mungu.