Mawili ya Kaka, Mawili Yangu

Baba alipofariki alituachia shamba la mahindi Kwaluguru, nyumba ya bati ya vyumba vitatu, na pikapu. Shamba tuligawana bila maneno. Nyumba ilibaki kwa mama. Pikapu ndiyo iliyotushinda, maana haikatwi kwa jembe, na sisi tulikuwa wana wawili, kila mmoja na barabara yake.

Kaka yangu anaishi Korogwe, mtu wa lami. Mimi nilibaki Kwaluguru, ambako mvua ikinyesha udongo hukamata gari kama ugali unavyokamata mwiko. Yeye alitaka matairi ya lami, laini, ya mwendo. Mimi nilitaka yenye meno, ya kutafuna tope. Tulibishana msimu mzima, na mwisho tukafanya kama wafanyavyo warithi wasiosikilizana: mawili yake, mawili yangu. Yake yakafungwa nyuma, yangu mbele. Mama alipoiona alicheka mpaka akakaa chini. Alisema pikapu ya baba yetu sasa inainua pua kama mbuzi anayenusa mvua.

Fundi wetu wa Chanika, mji wetu wa karibu, hakucheka. Alipima kwa kamba, akatuonyesha kwamba matairi ya mbele yalikuwa makubwa kuliko ya nyuma. Alisema pikapu ikivutwa na magurudumu ya nyuma peke yake, hapana neno. Ila tukiingiza gia ndogo, ile inayofanya magurudumu yote manne yavute, ya mbele na ya nyuma yatataka kwenda mwendo tofauti. Kwenye tope yatateleza kidogo, mambo yaishe.

"Kwenye lami hakuna msamaha," alisema. "Kitu kitavunjika, na kitakuwa cha ndani."

Kaka alikuwa anaongea na simu. Aliyeitikia "sawa, fundi" ni mimi. Naliandika hili ili nisije nikajidanganya uzeeni kwamba sikuelewa.

Mwaka huohuo mama aliugua. Kaka alimchukua Korogwe awe karibu na hospitali, na baada ya majuma kadhaa madaktari wakatuambia kwa upole kwamba tumtunze tu nyumbani. Mama hakuambiwa, lakini mama hakuwa mtu wa kusubiri kuambiwa. Alinipigia simu mwenyewe.

"Njoo unichukue, baba. Nataka nikalale kwangu."

Nilimwahidi Jumatatu. Jumamosi kulikuwa na harusi Chanika, binti wa mjomba anaolewa, na pikapu yetu ndiyo ingebeba vyombo. Mama alikubali bila kinyongo. Alisema vyombo vya bibi harusi havisubiri, yeye anaweza kusubiri. Na gari jingine hakulitaka. Alitaka kurudi kwake kwa gari la mumewe.

Sasa, kuna mchezo ambao ukoo wetu umeuzoea. Vyombo vikishashushwa, gari la upande wa mke na gari la upande wa mume hupelekwa kwenye lami iliyonyooka nje ya mji, yakashindana kutoka nguzo moja ya umeme hadi ya kumi. Si mbali, ukipiga chafya umekosa. Lakini upande ulioshindwa hutaniwa mpaka mtoto wa kwanza azaliwe, na hata wazee wanaojidai kuchukia upuuzi huo hutoka kutazama. Kaka alikuwa amekuja kutoka Korogwe asubuhi, akamwacha mama na mkewe. Yeye ndiye aliyeshika usukani. Mimi nilikaa pembeni yake.

Upande wa mume walikuja na pikapu mpya kuliko yetu, dereva wao amevaa miwani ya jua na mdomo mrefu. Aliyaangalia matairi yetu, akauliza kama tumeazima miguu ya jirani. Watu walicheka. Mimi nina hasira za karibu, mama alikuwa akiniambia tangu utoto, na kicheko kile kiliniingia vibaya. Wakati kaka anapatana nao nguzo ya kuanzia, nilizunguka mbele, nikachuchumaa kama mtu anayetazama upepo, nikavifunga vifungio vya kuzungusha kwa mkono katikati ya magurudumu ya mbele, ambavyo bila kufungwa gia ndogo haiwezi kuyavutisha. Kisha nikaingia na kukaa.

Kitambaa cha kuanzishia mbio kiliposhushwa, nikaivuta gia ndogo.

Tulitoka kama jiwe la manati. Magurudumu yote manne yalivuta, yule wa miwani akabaki anachoma mpira mahali pamoja. Tulishinda kwa urefu wa gari zima. Akina mama walipiga vigelegele, na mimi nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kaka alipunguza mwendo ili ageuze. Nikajaribu kuirudisha gia ndogo, haikurudi. Alipokata kona kitu kililia chini ya miguu yetu, mlio mfupi, halafu chuma kikaanza kusaga chuma. Pikapu ikasimama palepale, imekaa upande kwenye lami, vigelegele bado vinaendelea.

Gia boksi ndogo ilikuwa imepasuka. Fundi alisema kifaa kitatoka mbali, pengine wiki, pengine zaidi. Hakunikumbusha onyo lake; laiti angenikumbusha.

Nilikwenda Korogwe na kaka kwa basi. Jumatatu tulimwambia mama gari linabadilishwa oili. Jumanne tulisema breki. Jumatano kaka alisema mvua imeharibu njia, na hiyo angalau ilikuwa nusu kweli. Mama alikuwa ameshafunga kanga zake ndani ya kitenge, fundo liko kando ya kitanda tangu Jumapili, na kila akifungua macho alilitazama. Tungeweza kukodi gari. Magari yamejaa Korogwe. Lakini kukodi kulimaanisha kumwambia kwamba lile la baba tumelivunja kwa mchezo, na hakuna kati yetu aliyeweza kufungua mdomo. Tulikuwa watu wazima wenye watoto, tukamwogopa mama mgonjwa kama watu waliovunja chungu.

Alifariki Alhamisi kabla ya adhuhuri. Kaka alipiga simu moja, na pikapu ya kukodi ikafika kabla hatujamaliza kumtafutia maji ya kumwosha.

Msibani kila mtu alimlaumu kaka. Yeye ndiye mpenda mbio, yeye ndiye aliyeendesha, na ndugu walisema wazi, mbele yake. Nilikaa kwenye jamvi nikiangalia chini. Niliwaacha waseme. Nilimpenda mama yangu kuliko nilivyojua, na siku ile niliipenda ngozi yangu zaidi.

Njiani kwenda Kwaluguru tulikaa nyuma, kila mmoja upande wake wa jeneza, mikono juu yake lisitikisike. Tulipofika kwenye tope, dereva alishuka, akafunga vifungio vya mbele, akarudi. Kaka alimtazama mpaka akamaliza.

"Nilikuona siku ile," akasema. "Nilikuona ukivifunga."

Nilimuuliza kwa nini hakunizuia.

"Nilitaka kushinda," akasema. Kisha akageuza uso akalia, na mimi nikalia, mikono yetu bado ipo pale juu.

Gari la kukodi lilikuwa na matairi manne yanayofanana. Lilipita tope lote bila kuteleza hata mara moja, likamfikisha mama mlangoni kwake. Fundo lake la kanga lilikuwa miguuni pangu.