Kisigino Kirefu Ukweni

Cheka tu, mi sitakasirika. Hata mchumba wangu hajamaliza kucheka. Chimbo liliniangukia, nikakatwa mguu wa kushoto chini ya goti, na sasa natembelea wa bandia. Mama Odette, anayenifundisha kuutembelea, alinionya: "Hii muguu tuliipima na hii biatu yako ya chini. Usivae ya kisigino kirefu, itakusukuma mbele."

Lakini siku ya kujitambulisha ukweni, mtaani Manika, mwanamume mzima ningevaaje viatu bapa kama mwanafunzi? Nikaazima vya binamu yangu, vya kiume, vyeusi vya kung'aa, vyenye kisigino kirefu. Tena nikamsihi mchumba asiwaambie kwao habari za mguu, wanipende kwanza.

Mlangoni tu, goti likasukumwa, likapinda mbele ya baba mkwe. Nikainuka, likapinda tena mbele ya wajomba. Kwetu anayekunja goti mbele ya wakubwa ana adabu, basi nikasikia wakinong'ona: "Huyu mutoto iko na heshima sana." Nikajiona mshindi. Nilipokuwa naelekea kwenye kiti, nikaipigia goti hata friji.

Hapo shangazi wa mchumba akatoka jikoni na sahani ya bukari, ugali wa kwetu. Alikuwa Mama Odette. Akaangalia viatu vyangu, kisha uso wangu.

"Kijana, nilikuambia nini juu ya bisigino?"

Nikapandisha suruali kidogo, nikakiri yote. Baba mkwe akafuta machozi ya kicheko.

"Muguu tulijuaka zamani, mutoto, Mama Odette alituambia. Heshima ndiyo ilitudanganya."