Mkate wa Ouma

Nakumbuka mchana mmoja pale Muhuru Bay, mwanangu, jua kali mpaka mchanga unachoma kupitia ndala. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi, nimetoka kwetu Kisegi, ndiyo maana wanawake wa ufuoni waliniita Nyar Kisegi, binti wa Kisegi. Kazi yetu ilikuwa kuanika omena, wale dagaa wa ziwani, kwa Ouma, mwenye mashua. Ukishazitandaza kwenye nyavu huwezi kuondoka, ndege wanangoja ugeuke tu. Kwa hiyo chakula cha mchana tulikula palepale.

Na chakula chenyewe kilikuwa mkate. Mkate mweupe na soda nyekundu, kutoka duka la huyohuyo Ouma, vikiletwa na mkewe Jenifa. Usidhani ulikuwa ukarimu, tulikatwa kwenye malipo. Na aliyekataa, asubuhi mashua zikifika, Jenifa alimruka wakati wa kugawa omena za kuanika. Ulirudi nyumbani na beseni tupu.

Siku hiyo mama mkwe wangu, Peres, alikuja ufuoni na kopo limefunikwa kwa leso. Ndani mlikuwa na nyoyo, yale mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na viazi vitamu vingali moto.

Jenifa alicheka mpaka akashika kiuno. "Nyar Kisegi! Leo umeletewa chakula cha jembe? Hapa ni ufuoni, si shambani!"

Wenzangu wakacheka naye. Walijua kwa nini wanacheka.

Peres alinigeukia mimi. "Mtoto wangu, mnaanika chakula kutwa nzima mpaka mikono inanuka, halafu mnakula kitu cha kuyeyuka mdomoni. Saa tisa njaa imerudi, na huyu yuko hapa na mkate mwingine. Huoni?"

"Naona, mama," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Lakini nikila chakula hiki, kesho sipewi omena."

Akanitazama, nikadhani atanigombeza. Akafunika kopo lake, akaenda zake.

Nimechoka, mwanangu, acha nifupishe. Nilikula huo mkate miaka na miaka, nisipoupata nilitetemeka. Ikaja kiu isiyoisha, kisha kidonda kwenye kidole kilichokataa kupona. Ni sukari, wakasema hospitalini Homa Bay. Mguu wa kushoto ulibaki huko. Daktari, kijana mpole, aliniambia si mkate peke yake, kuna soda, kuna na damu ya ukoo. Sawa, yeye amesoma, mimi niliishia darasa la nne. Lakini damu ya ukoo haikuniletea soda ufuoni. Ni Ouma na Jenifa, hata kanisani nimewataja. Na wao jioni walikula ugali wa mtama na samaki. Nilikuwa nawaoshea vyombo, nilijua.

Sasa nasikia unaanikia mtoto wao, na mchana mnapewa uleule mkate. Nisikilize. Jioni chemsha nyoyo, asubuhi beba kwenye kopo. Viazi vitamu vichemshe na maganda yake, na viwili vinatosha, usijaze tumbo eti kwa sababu ni vya shamba. Omena si unazo? Kaanga kidogo na nyanya, ule na osuga, ile mboga chungu, na kipande cha ugali wa mtama. Kiu ikija, kunywa maji.

Na usibebe kopo peke yako. Ongea na wenzako mnaoanika nao, mlete makopo wote siku moja, mkae mle pamoja mbele ya macho yao. Mimi Jenifa aliweza kuniruka. Wakiwaruka ninyi nyote, nani atawaanikia?

Mungu akutunzie miguu yako yote miwili, mwanangu. Ikupeleke ufuoni na ikurudishe nyumbani, na siku ya kunizika uwe na nguvu ya kusimama.