Jeneza Nililolibeba Bila Kuuliza

Haya, leo na mimi niseme upande wangu, maana mnanicheka hapo barazani mkidhani sisikii, na aibu yenyewe ni yangu, si yenu.

Mnajua nilikuwa golikipa, uwanja mzima wa Amani ukiliimba jina langu. Goti lilipoharibika nikafungua duka la vifaa vya ujenzi Darajani, mabati, misumari, rangi, na biashara ilipotulia nikaona nigombee uwakilishi (nani kasema mdaka mipira hafai siasa?). Kura za maoni za chama zilikuwa zimekaribia, na kura za akina mama ziko mkononi mwa Bi Zuhura, mwenyekiti wetu wa tawi. Mara akafiwa na baba yake. Salum, mpambe wangu, akanipigia simu: "Bosi, mazishi baada ya adhuhuri, msikiti wa hapo Amani. Usikose, mpinzani wako keshafika."

Ningeondoka hapo hapo mambo yangekuwa mengine. Lakini nikasema siwezi kuonekana na shati la dukani, nikapita nyumbani, nikatoa kanzu mpya, nikaipiga pasi, na hiyo pasi ndiyo iliyoniponza. Nilipofika Amani watu washasali, jeneza liko njiani, wanaume wanapokezana, nami nikapenya nikaweka bega mbele kabisa bila ya kumuuliza mtu. Jepesi! Nikajisemea masikini mzee wa watu, maradhi yamemmaliza. Kila aliyetaka kunipokea nikamkatalia, nikalibeba mpaka makaburini, ili ndugu zake Bi Zuhura wanione vizuri (na nyuso zao sizijui hata moja).

Wakaitwa wa kushuka kumpokea maiti. Mimi huyo, nshajitosa kaburini, mikono juu kama nasubiri kona. Mzee mmoja aliyesimama ukingoni, macho mekundu kwa kulia, akaniuliza taratibu:

"We nani kwake?"

"Mie mwanawe, mzee," nikasema (sisi wanasiasa ni watoto wa kila mtu, au sivyo?).

"Huyu mke wangu. Na mke wangu hakuzaa mwanamme."

Yarabi! Maiti mwanamke hushushwa na mumewe au maharimu wake, yaani wanawe na ndugu zake wa kiume, hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua, na mimi nimesimama ndani ya kaburi lake na kanzu ya pasi! Nikataka kuruka nje, goti likagoma. Wakanivuta kwa makwapa, kanzu ikapasuka mpaka kiunoni, marehemu wa watu ananingoja mimi nitoke, na simu nayo ikaanza kulia mfukoni kwa wimbo wangu wa kampeni.

"Bosi, uko wapi?" Salum huyo. "Tushazika! Kina Bi Zuhura wanakuulizia."

"Si ulinambia msikiti wa Amani?"

"Kwani Amani pana msikiti mmoja?"

Nimemfukuza kazi, na sijuti! Mtu anakutuma mazikoni hakwambii msikiti gani, kisha anakuuliza wewe! Kura nilizopata tusizitaje. Lakini linaloniudhi zaidi ni wale wanaosema eti nilikwenda kuomba kura kaburini, na wateja wanaosimama dukani kwangu wakisema, "Maharimu, nipimie misumari." Misumari sasa wakanunue kwengine, sina haja nao.

Hitima ya kumwombea marehemu ilipokwisha nikaenda kumtaka radhi yule mzee. Nikamwamkia, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba," akanikaribisha kahawa, nami nikamweleza yote, Salum, msikiti, simu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "umembeba mke wangu njia nzima, hukuuliza hata ni nani."

Hapo sikuwa na wa kumkasirikia. Nimeapa: nikikuta jeneza njiani, kwanza nauliza jina, ndipo niweke bega. Yule mama alikuwa akiitwa Bi Mwanajuma. Nimeuliza.