Chapa Niliyoichonga Kisimani

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi kule Elwak, mwanangu, nikiwa na patasi mkononi na kiburi tele kichwani. Nilikuwa nikijifunza kazi kwa Fundi Mutuku, Mkamba mpole aliyechonga mawe ya kumbukumbu kutoka Garissa hadi mpakani. Hata leo nikisikia mtu akigonga jiwe, namkumbuka na kofia yake iliyojaa vumbi, nikatamani anigombeze tena.

Tuliitwa kuchonga jiwe la kuwakumbuka wanaume watano waliofukiwa wakichimba kisima cha pale. Sanamu ya mtu wazee wetu hawakuitaka, kwa hiyo yalikuwa majina matupu, na wale watano walitoka koo mbalimbali. Mmoja alikuwa babu yangu. Basi fundi alipokwenda kunywa chai, nikaongeza alama ndogo chini ya majina: chapa ya ngamia wa ukoo wetu. Aliporudi akauliza ni nini. Nikamwambia ni urembo tu. Angejuaje? Kwao hawafugi ngamia. Njia ya mwongo ni fupi, lakini kijana haoni mwisho wake.

Kwetu, mwanangu, chapa kisimani ni kama hati ya shamba. Inamwambia anayekuja haya maji ni ya nani.

Kesho yake akafika mzee mmoja na ngamia wa chapa nyingine, wamekauka kwa safari. Akalitazama jiwe, akawazuia ngamia wasinywe. Alisema na fundi kwa Kiswahili cha kwetu, kinachogeuza p kuwa b; mimi hakunitazama.

"Fundi, hii jiwe inasema kisima ni ya watu ya huyu kijana. Mimi siwezi bigana kwa sababu ya maji. Nitabeleka ngamia yangu bahali ingine."

Kisima kingine kilikuwa mwendo wa siku mbili, na nyuma ya kundi alikuwapo ndama aliyekuwa akiyumba.

Mzee alipoondoka nikamweleza fundi ukweli wote. Hakupaza sauti. "Umefanya mkono wangu useme uongo," akaniambia. "Jiwe litangoja. Mkimbilie mzee."

Nilimkuta mbali, jua likiwa kali. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Adeer, kosa ni langu," yaani amu yangu, maana sikuwa na jina lingine la kumpa la heshima. Akanisikiliza, akageuza kundi. Niliwatekea maji mwenyewe mpaka viganja vikachubuka, na ngamia wote wakanywa. Wote isipokuwa ndama, ambaye alianguka akafa tukiwa njiani kurudi. Mzee hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kuifuta chapa bila kuacha shimo kulinilazimu kusawazisha uso mzima wa jiwe na kuchonga majina upya, la babu likiwa sawa na ya wenzake. Husemwa mchimba kisima huingia mwenyewe; mimi hata kisima sikuchimba, nilichonga chapa tu, nikaingia.

Kwa hiyo, mwanangu, ukipewa kazi ya watu wote, iwe ofisini au kwenye kamati ya shule, ukoo wako uache nyumbani. Alama yako ndogo unayoiita urembo, kwa mwenye kiu ni mlango uliofungwa. Na ukikosea, mrudishe kwanza uliyemfukuza, ndipo ujitetee, maana kuna wasioweza kungoja maneno yako yaishe.

Mungu akupe mkono wenye bidii na moyo usiobagua, na asiwepo kiumbe atakayefika kwako akaondoka na kiu yake. Amin.