Benchi la Pili

Ukitaka kunikasirisha, sema mbele yangu kwamba Waprotestanti ni wapagani. Mimi ni katekista wa watu wazima katika parokia moja hapa Machakos. Kazi hii naijua, najivunia kuijua, na sioni sababu ya kuficha.

Kila Jumamosi alasiri wanafunzi wangu huketi kwenye mabenchi matatu. La kwanza ni la wasiobatizwa: Waislamu, watu wa mila, na wale wanaosema hawaamini chochote. La pili ni la waliobatizwa katika makanisa mengine. La tatu ni la watu wetu wenyewe, Wakatoliki walioondoka wakazunguka huko nje na sasa wamerudi. Hakuna benchi la heshima na benchi la aibu. Kila moja lina njia yake ya kuingilia, basi. Wa benchi la kwanza hubatizwa. Wa la pili hawabatizwi tena, kwa sababu Kanisa linautambua ubatizo wao, mradi yalitumika maji na likatajwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Wa la tatu huenda kuungama.

Wanafunzi hupenda kuuliza mzushi ni nani, na kila mmoja huwa tayari ana jirani anayemfikiria. Nawaambia mzushi ni mtu aliyebatizwa, akaijua kweli ya imani, kisha akaikana kwa ukaidi. Aliyelelewa katika kanisa la wazazi wake akalipenda haitwi hivyo. Na anayeiacha imani yote ya Kikristo baada ya kubatizwa anaitwa mwasi. Ni maneno makali, lakini nilikuwa nikiyafundisha kwa raha, kama mtu anayepanga nguo kabatini.

Kisha baba mkwe wangu akaja darasani.

Kwetu Ukambani kuna nthoni, ile heshima ya ukweni inayomweka mke wa mwana mbali na baba mkwe wake. Hatukai meza moja, hatupeani mkono, na akitaka chumvi humtuma binti yangu kwangu hata kama nimesimama hatua tatu tu kutoka alipo. Sasa mzee huyo alikuwa amevaa koti lake la Jumapili, ameshika daftari, anataka nimfundishe. Alikuwa Mprotestanti maisha yake yote. Miaka na miaka alimsindikiza mkewe hadi lango la kanisa letu, akamwacha hapo, akaenda kanisani kwake. Lakini magoti ya mama mkwe yalikuwa yameanza kukataa. Alikuwa akifika altareni kwa kushikiliwa na wanawake wenzake, na mzee alitaka kumshika yeye mwenyewe na kupokea Komunyo naye, kabla miguu hiyo haijagoma kabisa. Hilo ndilo lililomleta.

Cheti chake cha ubatizo kililiwa na mchwa zamani. Mimi, kwa haraka zangu, nikaona hakuna cheti, nikamwandika benchi la kwanza. Jumamosi iliyofuata nikasoma majina kwa sauti. Alipolisikia lake aliinuka polepole, akavuka mbele ya darasa zima, akaketi benchi la pili.

"Mimi niko na ubatizo wangu," alisema, akiuangalia ukuta.

Niliona haya hadi masikio yakapata moto. Lakini haya yangu haikumpa cheti. Mwenyekiti wa baraza la parokia, mwalimu mstaafu anayependa mambo yaishe upesi, alishauri tummwagie tu maji pamoja na wengine, kwani maji hayajaua mtu. Nilimjibu kwa ukali kidogo kwamba ubatizo si chanjo ya kurudiwa. Paroko alikuwa mpole zaidi. Alisema kukiwa na shaka ya kweli kuna ubatizo wa sharti, ambapo padri husema, kama hujabatizwa, nakubatiza. Asipopatikana shahidi, hiyo ndiyo njia. Akipatikana mmoja wa kuaminika, anatosha.

Nilipeleka habari hizo nyumbani. Mzee alisikiliza, kisha akamgeukia binti yangu.

"Mwambie mama yako, maji ya pili siwezi kubali. Nikikubali, nimesema mamangu alikuwa mwongo. Alikuwa hapo kando ya bwawa, ameshika shati yangu kavu."

Nilijua hapo ameshafunga mlango. Angerudi kusimama langoni, na mkewe angeendelea kushikwa na mikono ya watu wengine. Na nilijua pia kwamba ana haki.

Aliyetuokoa ni mama mkwe. Alinivuta jikoni akaniambia kuwa watu wa ubatizo ule wamekwisha kufa, isipokuwa msichana mmoja aliyekuwa nyuma ya mzee kwenye foleni. Yuko hai, mjini, ana duka la viungo karibu na soko. Mzee hawezi kumtaja kwa sababu mama huyo aliolewa na Mwislamu akasilimu, na mzee huona kumtaja kanisani ni kumwaibisha.

Nilimkuta kwenye kiti nyuma ya mizani, amevaa buibui, bibi wa kimo kifupi mwenye macho makali. Nilimwamkia, nikamweleza kilichonileta. Alicheka akashika kiuno. Alimkumbuka vizuri sana. Siku ile mzee aliteleza, akatoka majini na tope kichwani, na mchungaji akamzamisha tena akiyarudia maneno yote tangu mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi. Nilimwuliza ni maneno gani. Aliyasema kwa Kikamba, moja baada ya jingine, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, bila kukwama.

Kisha akaniuliza swali ambalo darasani ningelijibu bila hata kufungua kitabu.

"Na mimi, mama, huko kwenu mnaniita nani?"

Ningeweza kuzungukazunguka. Nilikuwa nimekunywa chai yake, na binti yake alikuwa amesimama pale akisikiliza. Lakini nilikuwa nimekuja kumwomba ukweli, nikaona si vizuri kumlipa uongo. Nikamwambia kitabu kinasema mwasi. Neno nililolifundisha miaka yote lilitoka kinywani kwa shida, kwa sababu sasa lilikuwa na uso, na uso huo ulikuwa umenikaribisha.

Alifuta mizani kwa kitambaa.

"Sawa," alisema. "Basi andika, mwasi amesema alimwona akibatizwa. Kanisa niliwacha, na Uislamu wangu nimeridhika nao. Lakini siwezi danganya juu ya maji. Nilikuwa nyuma yake."

Siku ya tatu yake alikuja mwenyewe ofisini kwa paroko, amemshika mjukuu wake mkono. Mwenyekiti alikuwepo, na akauliza kwa sauti ya chini kama neno la mtu aliyeiasi imani linaweza kuaminika. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, ila paroko alinitangulia. Aliuliza mama huyu anafaidika nini na ushahidi wake. Bibi akatia sahihi, jina lake la Kiislamu lote, kwa mwandiko wa shule za zamani. Niliposhika karatasi ile nilijivunia mwanamke ambaye nilikuwa nimekutana naye mara moja tu. Mzee alikuwa akingoja nje. Alivua kofia, akamsalimu kwa Kikamba, na wakasimama hapo wakicheka habari za tope.

Jumapili mbili baadaye baba mkwe alikiri imani mbele ya watu wote, akapakwa mafuta ya Kipaimara, na hakuna tone la maji lililomgusa kichwani. Wakati wa Komunyo alimwinua mkewe, akampitishia mkono kiunoni, wakaenda altareni taratibu kiasi kwamba foleni nzima ikabidi ingoje. Nililia, na sikujifuta.

Baada ya Misa nilikuwa nikikusanya vitabu niliposikia mtu amesimama mbele yangu. Ni yeye. Katika miaka yote ya ndoa yangu hakuwahi kunipa mkono. Alinipa, na akaniangalia usoni.

"Mwalimu," alisema, "sasa mimi ni wa benchi gani?"

Nikamwambia kwangu hana benchi tena, aende akakae na mkewe. Akaenda.