Sauti ya Mama Nafula

Nakumbuka jioni moja kule Shianda, mwanangu, tulipojaa dukani kwa Bi Zulekha mpaka wengine wakakalia magunia ya mahindi, tukingoja runinga itaje jina la kijana wetu. Niliikumbuka jioni hiyo juzi, uliponijia na simu kunionyesha video ya muziki uliyopiga, ukaniuliza kama inaweza kushinda tuzo. Sikukujibu. Si kwamba haikunipendeza, ila jibu langu lilikuwa refu na wewe ulikuwa na haraka. Leo umeketi. Mimina chai nikueleze.

Wakati huo mimi nilikuwa msichana wa kamera. Unacheka, lakini wasichana wa kamera hapa Kakamega tulikuwa wachache, na watu waliniuliza mwenye kamera yuko wapi hali nimeishika mkononi. Nilifanya kazi na kijana aitwaye Ezekiel katika studio ndogo mjini, tukipiga harusi na matanga. Siku moja akaja Ambundo, mwimbaji wa Shianda ambaye hakuna aliyemjua ng'ambo ya mashamba ya miwa, akataka tumtengenezee video ya wimbo wake. Tukaenda kupiga kwao, na wapigaji wa isukuti, ngoma yetu ya Waluhya, wakaitwa.

Ngoma zilipokolea, jirani yao, Mama Nafula, akatoka jikoni na mwiko mkononi. Hatukuwa tumempanga. Alikuwa mama mtu mzima, mwenye wajukuu, lakini isukuti haimwulizi mtu umri wake. Akacheza pale mlangoni akitikisa mabega, akicheka, na katikati ya kucheza akawa anamsemesha mtu aliyesimama upande ambao kamera haikuuona. Nikamfuata kwa kamera mpaka akachoka mwenyewe, akarudi jikoni. Tulipokuwa tunahariri, sauti yote ya uani tukaitoa, tukaweka wimbo. Ndivyo kazi ilivyotaka, na hata leo ndivyo inavyotaka.

Mama Nafula hakuwahi kuiona video hiyo. Aliugua msimu wa mvua, akafariki kabla haijaanza kuonyeshwa. Binti yake, Nafula, alikuwa ameolewa Butali, kwa hiyo aliyebaki bomani ni mumewe peke yake, Mzee Makokha, mkulima wa miwa asiye na maneno mengi.

Basi video ikapendwa, ikapendekezwa kuwania tuzo, na sherehe ikawa Nairobi, ikirushwa moja kwa moja. Ambundo na mwenye studio wakaenda. Sisi wengine tukakusanyika kwa Bi Zulekha kwa sababu runinga yake ilikuwa kubwa na jenereta lake halikuwa na kisirani. Mzee Makokha hakuwa na runinga. Majirani walimleta, wakampa kiti cha mbele.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Jina la Ambundo likatajwa. Kabla hajafika jukwaani wakaionyesha video ukumbi mzima, na aliyejaa kwenye kioo alikuwa Mama Nafula na mwiko wake. Duka lilitetemeka kwa vifijo. Watu walikumbatiana, mmoja akakanyaga kikapu cha nyanya cha Bi Zulekha na Bi Zulekha hata hakumwona. Nami nilikuwa nalia kwa furaha, maana picha ile niliipiga kwa mikono yangu.

Mzee Makokha hakusimama. Alikuwa amevua kofia, ameiweka gotini.

Watu walipotulia akaniita. "Mukhana," akasema, kama wazee wetu wanavyomwita binti, "wewe ndiye ulikuja na ile kamera?"

"Ndiyo, baba."

"Nimemwona. Mdomo wake ulikuwa unasema. Alikuwa anasema nini?"

Nikamweleza kwamba sauti ya pale haisikiki, wimbo umeifunika.

Akaigeuza kofia gotini. "Kama mliweza kumfunika, mnaweza kumfunua."

Hakusema kwa hasira, mwanangu. Ingekuwa hasira ningejitetea. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Uso wake ninao, uko kwa picha ukutani. Ni sauti inanipotea. Asubuhi nikiamka naitafutanga, naona inaenda tu."

Nikamwambia nitaileta kesho. Bi Zulekha, aliyekuwa akimpa mzee chai, akanitazama. "Ahadi kwa mfiwa ni nzito," akasema. "Usiitoe kama hutaitimiza. Inshallah utaitimiza."

Asubuhi nikarudi mjini, nikaenda moja kwa moja studio. Boksi la kanda lilikuwa tupu. Usishangae, siku hizo picha zilikaa kwenye kaseti ndogo, na kaseti zilikuwa haba, kwa hiyo tulirekodi mpya juu ya za zamani. Ezekiel alikuwa amezibeba zote kwenda kupiga mapokezi ya tuzo. Nikatoka mbio kumtafuta.

Niliwakuta karibu na soko. Ambundo, aliyesafiri usiku kucha kutoka Nairobi, alikuwa juu ya pikapu, ameinua tuzo inayong'aa juani, barabara haina pa kuweka mguu. Wakaniona, wakaanza kunipungia. Mwandishi wa runinga kutoka Nairobi alikuwa akimwuliza kila mtu yuko wapi yule msichana aliyepiga video. Palikuwa na nafasi yangu pale juu, kando ya tuzo. Miguu yangu iliitaka nafasi hiyo kuliko ninavyoweza kukueleza. Nilikuwa nimebeba kamera miaka mingi nikiwapiga wengine wakifurahi.

Nikajipenyeza mpaka kwa Ezekiel. "Kanda iliyo ndani ni ipi?"

"Ile ilikuwa juu. Ondoka, unanizibia."

"Ina mwandiko wangu?"

"Ina neno Shianda. Kwani nini?"

"Simamisha, Ezekiel."

Akanitazama kana kwamba nimerogwa. "Siku kama hii tutaipata wapi tena? Bosi atanifukuza."

Nikamweleza habari ya Mzee Makokha, nusu ya maneno yakimezwa na ngoma. Akatikisa kichwa, kamera ikaendelea kuzunguka. Ndipo Ambundo akainama kutoka juu ya pikapu kuuliza kuna nini. Nikamwambia sikioni. Akabaki vile vile ameinama, tuzo imelala mapajani.

"Mama Nafula alinipatianga chai tangu nikiwa wa kukimbia uchi," akamwambia Ezekiel. "Toa hiyo kanda umpe."

"Na mapokezi yako?"

"Nimeshapokewa."

Ezekiel akaitoa, akanipa na kamera, uso umekunjamana. Hatukuwa na kanda nyingine ambayo haijajazwa asubuhi hiyo, kwa hiyo studio yetu haikubaki na picha ya mapokezi, na bosi alinuna wiki nzima. Wale wa Nairobi walipiga yao. Nilisikia ilionyeshwa kwenye habari, na mimi simo.

Nilifika kwa Mzee Makokha mchana. Hapakuwa na umeme. Nikaweka kamera juu ya stuli, nikafungua kile kioo chake kidogo, mzee akasogeza kiti mpaka magoti yakagusa stuli. Nilikuwa na hofu. Maji yakimwagika hayazoleki, na sikujua Ezekiel amemwaga kiasi gani.

Nikarudisha nyuma, nikabonyeza. Ikatokea pikapu, kelele, Ambundo na tuzo yake. Ikaendelea hivyo, mzee akivumilia, mimi nikiomba moyoni. Halafu kioo kikapiga mistari, na uani pale pale tulipokuwa tumekaa pakatokea. Mwanzo wa kucheza ulikuwa umefutika. Alikuwa tayari amechoka, anahema, ameshika kiuno, anageukia upande ule ambao kamera haikuuona.

"Baba Nafula," sauti ikasema, ya juu kidogo, yenye kicheko ndani, "wewe unasimamanga tu kwa jua kama mti. Ingia, chai inapoa. Na uvae viatu, hawa watu wametoka taoni."

Ni hayo tu. Kisha akaingia jikoni.

Mzee Makokha alikitazama kile kioo kikiwa na mlango mtupu. "Nimevaa," akasema. Kisha tena, polepole, "Nimevaa, mama."

Nilitoka nikasimama nyuma ya nyumba, nikamwacha na sauti ile. Nilipoingia aliniomba nimrudishie, nikamrudishia, mpaka betri ikazima. Hakulia mbele yangu. Alipika mwenyewe, obusuma, yaani ugali, na mboga, na nilipoondoka akanifungia ingokho, kuku jike mwekundu, akasema mgeni wa namna yangu haondoki mikono mitupu. Kanda nilimwachia. Nafula alikuja baadaye akaihamishia mahali pa kudumu, na wajukuu wanamsikia nyanya yao mpaka leo.

Sasa umeniuliza kuhusu tuzo, mwanangu. Itafute. Chanda chema huvikwa pete, na sitakuambia kwamba kushinda si kitu. Niliona furaha ya Shianda jioni ile, haikuwa ya uongo. Lakini kila unapomwelekezea mtu kamera, jua kwamba yupo mtu wake ambaye siku moja atamtafuta humo. Mwulize jina. Msikilize kabla hujamwekea wimbo. Usifute sauti yake kwa sababu video haiihitaji. Na ukishapata jina kubwa, kama atakuja mzee na ombi dogo siku ya sherehe yako, shuka. Heri kufa macho kuliko kufa moyo.

Na nyumbani pia. Mama yako akikusumbua na maneno ya kila siku, ule, ulale, ufunge mlango, usimkatize. Wewe unayasikia kama kelele. Yupo mtu angetoa shamba zima la miwa ayasikie mara moja.

Nenda basi. Mungu aibariki mikono yako na kazi yake, akukutanishe na watu wa kweli, akurudishe kwetu ukiwa na moyo ule ule uliotoka nao. Mulembe, mwanangu, amani iwe nawe.